Beseni la kuogea kwa mtu ambaye mguu haunyanyuki

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, watu waliokuja kumjulia hali waliuliza kama anazungumza, kama anatambua watu na kama analala vizuri. Hakuna aliyeuliza ataogaje, na sisi wenyewe hatukulifikiria jambo hilo hadi siku aliporudi nyumbani, akasimama mbele ya beseni la kuogea alilolitumia kwa miaka mingi, akautazama ukingo wake, kisha akanitazama mimi. Ukingo ule ulikuwa na kimo cha sentimita 55 hivi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa haunyanyuki hata nusu ya hapo.

Nilimshika kwapani upande uliolegea ili nimwinue. Akaniambia, "Mwanangu, nishike kiunoni, si hapo," nami sikuelewa sababu hadi mtaalamu wa fiziotherapia aliponieleza kwamba bega la mkono uliopooza halishikiliwi tena na misuli yake ipasavyo, hivyo kulivuta kunaweza kulitegua na kuleta maumivu ya muda mrefu. Wakati huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha kutundikia taulo. Ninakumbuka vifundo vya vidole vyake vilivyopauka, skrubu mbili zikicheza ndani ya ukuta, na vumbi la plasta likidondoka juu ya marumaru. Chuma cha taulo kimetengenezwa kubeba taulo. Chuma cha kushikia ni kitu kingine kabisa: viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika kwa watu wenye ulemavu, kwa mfano, vinataka kihimili mzigo wa kilo 113 hivi, na kwa kawaida kiwekwe kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni. Vile vinavyonata ukutani kwa mpira wa kufyonza sivishauri hata kidogo kwa mtu anayeegemeza uzito wake wote, kwa kuwa huachia ghafla bila kutoa dalili yoyote.

Kwa haraka na kwa woga, tuliagiza beseni lenye mlango. Ni beseni refu kwenda juu, lenye kiti ndani yake na mlango mdogo ubavuni, ambalo mtu huingia kwa kuvuka kizingiti kifupi badala ya kuruka ukingo mzima. Kwenye picha lilionekana kuwa jibu la kila kitu. Muuzaji alituuliza rangi, akatuuliza urefu wa ukuta, lakini hakutuuliza ni upande gani wa mwili uliodhoofika, nasi hatukujua kwamba mabeseni hayo hutengenezwa yakiwa na vifaa vyake upande wa kulia au wa kushoto. Lilipofungwa, koki na chuma cha kushikia vyote vikawa upande wa kushoto wa mama, upande wa mkono ambao hauwezi hata kufumba kiganja. Kosa hilo moja lilifanya kifaa kizuri kiwe hakimfai mtu ambaye kilinunuliwa kwa ajili yake.

Lipo pia jambo ambalo hudhihirika siku ya kwanza ya kuoga. Kwa sababu mlango hauwezi kufunguliwa maji yakiwa ndani, mtu huingia, hukaa, hufunga mlango, ndipo hufungulia maji. Na akimaliza, hungoja maji yote yatoke kabla ya kufungua tena. Beseni la namna hiyo likihitaji lita 200 na koki ikatoa lita 10 kwa dakika, hizo ni dakika 20 za kukaa uchi juu ya kiti cha plastiki ukisubiri maji yakupande kutoka kwenye nyayo. Kijana mwenye afya atavumilia. Mama alikuwa akitetemeka, nami nilimfunika mabega kwa taulo nikiomba maji yapande upesi, na mwishoni nilimfunika tena nikiomba yashuke upesi. Anayenunua beseni hili aulize kwa msisitizo kuhusu kasi ya koki, upana wa tundu la kutolea maji, na kama kiti na mgongo wake vinapashwa joto.

Aulize vilevile kuhusu hita yake. Ili kupata lita 200 zenye nyuzijoto 39, kwa kuchanganya maji ya nyuzi 60 na maji baridi ya nyuzi 20, zinahitajika lita 95 hivi za maji ya moto, na tangi la lita 80 halitafika. Isitoshe, lita 200 za maji ni kilo 200. Ukijumlisha uzito wa beseni lenyewe na wa mtu aliyemo, ni busara kumwita fundi wa ujenzi akague sakafu kabla ya kulipandisha ghorofani, hasa kama sakafu hiyo ni ya mbao.

Mlango nao una pande mbili za hoja. Unaofunguka kwa ndani husukumwa na maji yenyewe dhidi ya mpira wake, kwa hiyo hauvuji kwa urahisi. Lakini mtu akizimia na magoti yake yakauzuia, anayetaka kumsaidia hubaki nje akihangaika. Unaofunguka kwa nje humpa msaidizi njia na huacha nafasi zaidi kwa miguu, ila hutegemea komeo imara na huhitaji sakafu iliyo wazi mbele yake. Mimi ningechagua wa nje kwa mtu yeyote mwenye kifafa au anayepatwa na kizunguzungu, na maji ya moto huwaletea kizunguzungu watu wengi ambao shinikizo lao la damu hushuka wanapoinuka.

Kwa mtumiaji wa kitimwendo asiyeweza kusimama hata kidogo, beseni lenye mlango mara nyingi si suluhisho, kwa maana bado atalazimika kujihamisha kupitia mlango mwembamba na kugeuka ndani ya nafasi finyu. Humfaa zaidi shawa isiyo na kizingiti, ambayo kiti cha kuogea chenye magurudumu huingia moja kwa moja. Viwango nilivyovitaja huitaka iwe angalau na sentimita 76 kwa 152, na kiti kikihitaji kugeuka, kipewe duara lenye kipenyo cha sentimita 152. Kwa yule ambaye tatizo lake ni mguu tu, huenda hakuna haja ya kubomoa chochote: benchi ambalo miguu yake miwili husimama nje ya beseni na miwili ndani humwezesha kukaa kwanza akiwa nje, kisha kuteleza kidogo kidogo na kuingiza mguu mmoja baada ya mwingine. Kipo pia kiti cha kuteremsha na kuinua kinachotumia betri, na kwa hicho swali la kuuliza ni hili: je, kitakataa kushuka iwapo chaji iliyobaki haitoshi kupanda?

Kuhusu joto la maji nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeona watu wakilichukulia kuwa jambo la anasa. Kiharusi na kisukari huweza kuua hisia za miguu, na mguu usiohisi hautaondolewa kwenye maji yanayouunguza. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde 5 hivi, na ngozi ya mzee, ambayo ni nyembamba, haingoji hata muda huo. Koki ichanganye maji yenyewe kwa kidhibiti joto kilichofungwa kwenye kiwango salama, nacho kiwe cha aina inayokata maji ya moto pale maji baridi yanapokatika ghafla. Mwenye baridi yabisi awekewe mpini wa kusukuma kwa kiganja, maana koki ya mviringo humtaka abane vidole vinavyouma.

Hatimaye tuliliondoa beseni lile. Mahali pake sasa pana sakafu isiyo na ukingo, iliyoinamishwa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yaelekee kwenye tundu, marumaru zisizoteleza, kiti cha kukunja ukutani chenye kimo cha sentimita 45, na shawa ya mkono yenye mpira wa mita moja na nusu. Safari hii mama alikuwapo tangu mwanzo. Kabla fundi hajatoboa ukuta, alikaa juu ya kiti cha kawaida palepale patakapokuwa kiti chake, akiwa amevaa nguo zake zote, tukamwomba ainuke mara tano kana kwamba amemaliza kuoga. Kila mara mkono wake wa kulia ulipoutafuta ukuta, nilichora alama ya chaki palipogusa kiganja. Alama nne kati ya tano zilikusanyika mahali pamoja, chini kidogo ya pale fundi alipokuwa amepanga na mbele zaidi, karibu na goti. Fundi alizitazama, akafuta mstari wake wa penseli, akatia mbao nyuma ya ukuta mahali hapo na kukifunga chuma juu ya alama za chaki.