Kalenga: ukienda ngome ya Mkwawa, jua unachokiangalia

Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, iko kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kwa njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Daladala zipo. Ila anayetaka kufika na Mlambalasi, kwenye kaburi lake, siku hiyohiyo akodi gari, maana ni mbali zaidi kwa njia hiyohiyo.

Wengi huondoka wamekata tamaa kwa sababu walitarajia kuta ndefu. Hazipo. Wajerumani waliipiga ngome kwa mizinga wakaiteka tarehe 30 Oktoba 1894, na kijiji kimeendelea kuishi palepale. Kwa hiyo usizunguke peke yako. Anza makumbusho, mwombe mwongozaji akuonyeshe mabaki ya ukuta na upande mizinga ilikotokea. Bila hayo utaona nyumba na mashamba tu.

Ndani, tulia kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa. Alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe. Kilirudi 1954, miaka 35 baadaye! Kwa sisi wa nyanda za juu, hapo si pa kupita haraka. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, si Kalenga, na watu huchanganya sana. Masika vumbi hugeuka tope, vaa viatu vya kushika. Beba fedha taslimu za kiingilio. Wazee wasalimie "kamwene", salamu ya Kihehe.