Kijerumani na akili mnemba: chombo gani ukiweke kwenye simu, na ukipime vipi

Mwanafunzi wa A2, ngazi ya pili kati ya sita za lugha (A1 hadi C2), ameandika hivi: „Ich kann nicht kommen, weil ich muss arbeiten“, akikusudia „Siwezi kuja kwa sababu lazima nifanye kazi.“ Anaibandika sentensi kwenye programu ya akili mnemba na kuomba arekebishiwe. Jibu linarudi: „Leider bin ich beruflich verhindert“, yaani „Kwa bahati mbaya nimezuiwa na kazi.“ Kijerumani safi kabisa, na mwanafunzi hajajifunza kitu. Kosa lake lilikuwa moja tu: baada ya „weil“, kitenzi kilichobeba nafsi huenda mwisho, „weil ich arbeiten muss“. Programu imelifuta kosa bila kulionyesha, ikampa na sentensi ambayo hawezi kuitunga mwenyewe akiwa chumba cha mtihani. Kesho ataandika „weil ich muss“ tena.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua chombo inapoanzia. Vyombo ni vingi, vingine vya bure, na vyote vinajua Kijerumani kuliko anayejifunza. Kinachotenganisha kizuri na kibaya ni nani anafanya kazi, wewe au chenyewe.

Nayaandika haya kwa anayejifunza akiwa Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura na analenga B1 au B2. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, wengi wanaoulizia Kijerumani wana safari kichwani. Anayekwenda kwenye mafunzo ya kazi, yaani Ausbildung, kwa kawaida hudaiwa B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kule hudaiwa B2. Na mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha na kutahini lugha hiyo, una sehemu nne: kusoma dakika 65, kusikiliza 40, kuandika 60, na kuzungumza kama dakika 15 mkiwa wawili. Kila sehemu ina alama 100, unafaulu kwa 60, na sehemu uliyoanguka unaweza kuirudia peke yake. Kwa hiyo fanya kwanza karatasi ya mfano, zipo bure kwenye tovuti ya Goethe-Institut, ujue unavuja wapi. Mwenye 82 za kusoma na 48 za kuandika hahitaji programu nyingine ya msamiati, hata ikiwa na vikombe na nyota za kila siku.

Ukishajua unachotafuta, usikiamini chombo kabla hujakipima. Kipimo cha dakika 20 kinatosha. Andika sentensi kumi, tano sahihi na tano zenye makosa unayoyajua kwa hakika kutoka kitabu chako, uzichanganye, usiseme ni ngapi zimeharibika. Weka „Das Bild hängt an der Wand“, ambayo ni sahihi, na „Ich hänge das Bild an der Wand“, ambayo ilipaswa kuwa „an die Wand“ kwa sababu hapo picha inahamishwa kupelekwa ukutani. Chombo dhaifu huona haya kusema „hii haina kosa“, kikaanza kurekebisha hata sentensi nzima. Hicho kitakuvuruga zaidi ya kukusaidia.

Kisha kiulize maneno yenye sura mbili. „Der See“ ni ziwa, „die See“ ni bahari. „Der Leiter“ ni kiongozi, „die Leiter“ ni ngazi. Kiulize tofauti ya „Ich fahre den Baum um“ na „Ich umfahre den Baum“: ya kwanza umeugonga mti ukaanguka, ya pili umeuzunguka ukapita salama, na tofauti iko kwenye mkazo wa sauti na kutengana kwa kitenzi. Kikijibu vizuri, kitie majaribuni: kiambie, „Hapana, mwalimu wangu amesema ni das Tisch.“ Ni „der Tisch“, hakuna mjadala. Programu nyingi zimefunzwa kumpendeza mtumiaji, na zikibanwa huomba radhi na kukubali uongo. Ikikubali „das Tisch“ kwa sababu tu umenuna, ujue hata siku ambayo wewe ndiye uliyekosea itakuitikia vilevile.

Kipimo cha mwisho ni cha sisi wa Kiswahili peke yetu, nacho ni cha saa. Iambie itafsiri: „Tuonane kesho saa mbili na nusu asubuhi.“ Jibu ni „um halb neun“, yaani 8:30. Ikikupa „zwei Uhr“ ya aina yoyote, imesoma namba bila kujua hesabu yetu ya saa. Na hata ikikupa „halb neun“, wewe mwenyewe uko hatarini, maana Mjerumani husema nusu akiitazama saa inayokuja, sisi tunaitazama iliyopita. „Halb drei“ mchana ni saa nane na nusu. Miadi ya ubalozini hupotea hapo. Siku zote mwombe unayepanga naye akuandikie saa kwa tarakimu, 14:30, ndipo uwe na uhakika.

Tafsiri ina mitego mingine. „Daktari amefika“ haisemi mwanamume wala mwanamke, lakini Kijerumani kinadai useme, na mashine mara nyingi huchagua „der Arzt“, daktari mwanamume, bila kukuuliza. „Wewe“ wetu hugeuka „du“ ya kirafiki hata kwenye barua ya kuomba kazi, mahali palipodai „Sie“ ya heshima. Na ukiandika „muuguzi“ unaweza kupewa „Krankenschwester“. Mitaani bado wanalisema, ila tangu sheria mpya ya taaluma hiyo ianze kutumika Januari 2020, jina la cheo kwa wanaohitimu ni Pflegefachfrau au Pflegefachmann, na ndilo la kuandika kwenye wasifu wa kazi. Kwa hiyo Google Translate na DeepL zitumie kuelewa ulichokisoma. Usizitumie kuandika kitu kitakachosainiwa kwa jina lako.

Sasa kuandika, kwa sababu ndiko akili mnemba inakosaidia kuliko kote ikiongozwa vizuri. Mtihani wa B1 una kazi tatu za kuandika: barua pepe ya kirafiki ya maneno kama 80, maoni ya maneno kama 80, na ujumbe rasmi wa maneno kama 40. Andika kwanza kwa mkono, kwa saa, bila simu. Halafu ndipo uichape na kuipeleka kwa ChatGPT, Gemini au Claude, yoyote iliyofaulu kipimo chako, ukiwa na maelekezo haya, na Kiswahili inakielewa: „Usiandike upya barua yangu. Taja mstari wenye kosa na aina ya kosa tu: mpangilio wa maneno, Akkusativ au Dativ, jinsi ya nomino, au mwisho wa kitenzi. Usinipe jibu. Nisubiri nijirekebishe, kisha niambie kama nimepatia.“ Mara ya pili au ya tatu itasahau na kukuandikia barua nzima. Usibishane nayo, fungua mazungumzo mapya, bandika maelekezo upya. Mazungumzo yakirefuka, maelekezo ya mwanzo hupoteza nguvu.

Iambie pia ikague kama umejibu hoja zote zilizoulizwa. Watu hukazana na der, die, das wakasahau kwamba kwenye Goethe kazi isiyojibu swali kabisa hupata sifuri yote, hata kama sarufi yake haina doa. Alama zenyewe usiiombe. Barua ileile huweza kupewa 70 leo na 85 kesho, na zote mbili ni za kukufurahisha tu.

Ukitaka chombo chepesi cha kukamata herufi na viambishi bila porojo, LanguageTool ina toleo la bure na Kijerumani chake ni kizuri. Haitakusaidia mtiririko wa hoja, lakini haikuandikii barua pia, na kwangu hiyo ni sifa.

Kuzungumza ni ngumu zaidi. Programu za mazungumzo ya sauti zina tabia tatu za kuudhi: hukukatiza ukinyamaza kufikiri, huongea haraka na kwa sentensi ndefu, na husifia kila kitu. Ya kwanza hutatuliwa kwa kuchagua programu yenye kitufe cha kubonyeza na kushikilia unapoongea. Zilizobaki hutatuliwa na maelekezo, na hapa yaandike kwa Kijerumani ili isirukeruke lugha: „Du bist meine Gesprächspartnerin. Niveau A2. Höchstens zwei Sätze pro Antwort. Stelle immer nur eine Frage. Korrigiere mich erst am Ende, höchstens drei Fehler.“ Yaani: kiwango cha A2, sentensi zisizidi mbili kwa jibu, swali moja tu kila mara, na marekebisho mwishoni. Makosa matatu, yasizidi. Ukipewa kumi na tano hukumbuki hata moja.

Matamshi ni jambo jingine, na hapa wengi hudanganyika. Unasema sentensi nzima, simu inaiandika sawasawa, unaamini umetamka vizuri. Mashine imekisia. Imesikia „Ich habe … gegessen“, ikajua katikati hapo „schon“ (tayari) linafaa kuliko „schön“ (nzuri), ikaandika „schon“ hata kama ulisema kitu cha katikati. Inafanya kama jamaa yako anayekuelewa ukiwa na chakula mdomoni. Ukitaka ukweli, iondolee muktadha: badili kibodi ya simu iwe Deutsch, bonyeza maikrofoni, sema neno moja peke yake. Schon, kisha schön. Hütte na Hüte. Staat na Stadt. Kirche na Kirsche. Ofen na offen. Sema kila neno mara tano, hesabu ni mara ngapi limeandikwa ulilolikusudia. Tatu kati ya tano haitoshi.

Kiswahili kinatuponza mahali pawili hasa. Vokali zetu hazitofautishi maneno kwa urefu kama „Staat“ na „Stadt“ yanavyotofautiana, na silabi zetu hupenda kuishia na vokali, kwa hiyo „Strumpf“ hutoka „shitrumpfu“. Kipimo cha maikrofoni hukamata urefu wa vokali vizuri. Vokali ya ziada mwishoni hakiikamati, mashine huifuta kimyakimya. Hiyo jirekodi, sikiliza mwenyewe ukiilinganisha na sauti ya kamusi ya Duden mtandaoni.

Msamiati sina mengi. Anki, programu ya kadi za kukariri, inatosha, ni bure kwenye kompyuta na Android, inafanya kazi bila intaneti, na upangaji wake wa marudio hujifunza kutokana na majibu yako mwenyewe. Kadi mpya 10 kwa siku, zisizidi, kwa sababu baada ya wiki kadhaa hizo kumi huzaa marudio 70 hadi 100 kila siku. Akili mnemba iachie kutengeneza kadi kutoka somo la wiki: nomino pamoja na artikeli na wingi wake, sentensi moja fupi, na maana ya Kiswahili. Iambie itenganishe sehemu kwa nukta mkato, kwa sababu sentensi za Kijerumani zimejaa mkato na ukiutumia huo kadi zitakatika vipandevipande. Faili ihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaochaguliwa unapohifadhi faili, la sivyo ä, ö na ü zitageuka alama za ajabu. Kabla ya kuziingiza, kagua wingi wa kila nomino kwenye Duden au DWDS, kamusi nyingine ya mtandaoni. Kosa lililoingia kwenye Anki utalikariri kwa bidii miezi sita.

Kusikiliza usitegemee sauti za mashine. Ni safi mno, hazina kikohozi wala mlio wa treni. Deutsche Welle hutoa bure habari zinazosomwa polepole pamoja na maandishi yake. Sikiliza mara moja bila maandishi, kisha ipe programu yale maandishi ikutungie maswali matano ya kweli au si kweli, na idai ikuonyeshe mstari uliobeba kila jibu. Bila mstari, huwa inatunga. Zoea kusikia mara moja tu, kwani kwenye B1 sehemu ya pili na ya tatu ya kusikiliza huchezwa mara moja.

Kuhusu fedha: matoleo ya bure yanatosha hadi B1. Kifurushi cha ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, na fedha hiyo ningeiweka kwenye saa za mwalimu wa kuzungumza naye au ada ya mtihani. Mazungumzo ya sauti hula bando kuliko maandishi, basi yapange siku ambazo una Wi-Fi. Pasipoti, mkataba wa kazi na vyeti usivipandishe huko kabisa. Ukitaka kuelewa kifungu cha mkataba, chapa kifungu hicho peke yake, bila majina wala namba.

Zikibaki wiki mbili kabla ya mtihani, punguza programu zote ubaki na Anki na maikrofoni. Kama kituo chako bado kinatumia karatasi, kila siku ya pili kaa na kalamu dakika 60, kazi tatu, simu ikiwa chumba kingine. Mkono wenyewe unahitaji mazoezi: aliyezoea kuchapa huanza kuchoka kwenye kazi ya pili, na hapo ndipo „weil ich muss“ hurudi.