Ini langu na ile namba 2.23

Kama unameza ARV mda mrefu unaijua ile hali, virusi havionekani, CD4 ziko poa, daktari anatabasamu, unajiona umemaliza kila kitu. Ini mi wala sikuwahi kuliwazia. Juzi kati daktari kaangalia majibu yangu ya damu afu akatoa simu akaanza kubonyeza kalkuleta, nikajua anahesabu vidonge, kumbe anahesabu ini langu.

Akanionyesha. Umri 48 mara AST 52 (AST na ALT ni vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia), ikatoka 2496. Platileti, zile chembe za kugandisha damu, 160 mara kipeuo cha pili cha ALT 49, yaani 7, ikatoka 1120. Gawanya, 2.23. Ndo wanaita FIB-4. Chini ya 1.3 unaambiwa nenda zako, juu ya 2.67 wanashuku ini lina makovu ya kutosha, mi nikadondokea katikati, pale ambapo hujui ucheke au ulie. Na hii hesabu ilitengenezwa 2006 kwa majibu ya watu wenye VVU na homa ya ini C kwa pamoja, leo inatumika hata kwa wasio na VVU, yaani kwa mara moja wao ndo wameazima kwetu 😂

Nikauliza platileti zinahusikaje na ini. Akasema ini likijaa makovu damu inapita kwa shida, inarudi nyuma, bandama linavimba na linazizuia platileti humo ndani, ndo maana kwenye damu zinapungua. Sema VVU vyenyewe navyo vinaweza kuzishusha, na AST inapanda hata misuli ikichoka, na mi siku moja kabla ya kutolewa damu nilikuwa nanyanyua vyuma kama kichaa.

Basi nikaandikiwa fibroskani, mashine ya kupima ugumu wa ini. Siku ya kwanza nikarudishwa kwa sababu nilikuwa nimekula, kumbe inatakiwa angalau masaa matatu tumbo tupu, ukishiba damu inaongezeka kwenye ini linasomeka gumu kuliko lilivyo. Hakuna aliyeniambia mapema, nilinuna kweli. Mara ya pili nikalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, jeli ya baridi katikati ya mbavu, kidude kikaanza kugonga, tk, tk, kama mtu anakudonoa na kidole. Vipimo kumi. Haiumi ila mi nina mtekenyo hapo, nikawa nacheka tunarudia. Wanachopima ni mwendo wa mtikisiko, kwenye ini gumu unakimbia, kwenye laini unajivuta. Nikapata kilopaskali 6.1, ndo kizio cha huo ugumu, chini ya 8 hawana wasiwasi na makovu makubwa. Ila mafuta kwenye ini yapo, mashine hiyo hiyo inayasoma.

Sa nimeambiwa nipunguze kilo nirudie damu, na wiki hiyo vyuma nivisikie kwa jirani tu.