Sorry: pole na samahani ndani ya gunia moja

Aliyejikwaa huambiwa pole. Aliyemkanyaga mwenzake husema samahani. Mswahili hayachanganyi hayo mawili hata akiwa usingizini, ila Mwingereza ana "sorry" tu kwa yote, na ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Chimbuko la neno ni maumivu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sar", yaani maumivu, ambalo leo ni "sore". Humo likatoka "sarig", mwenye uchungu. Kwa hiyo kusema "I am sorry" kulikuwa kusema nina uchungu, na uchungu huo uliweza kuwa wa kosa langu au wa msiba wako. Wengi hudhani limezaliwa na "sorrow", huzuni. Sivyo. Hilo lilitokana na "sorh", ndugu wa "Sorge" ya Kijerumani. Ni majirani waliokaa pamoja hadi wakafanana sura. Binamu halisi wa "sore" huko Ujerumani ni "sehr", ambalo maumivu yamelitoka kabisa likabaki na maana ya "sana", kama kijana anaposema anampenda mtu vibaya.

Kosa la kawaida kwenye barua pepe ni "sorry for late". Baada ya "for" panatakiwa nomino, au kitenzi chenye -ing, na "late" ni kivumishi. Andika "sorry for being late" au, kwa ufupi zaidi, "sorry I'm late". "Sorry to" ni kwa jambo unalolitenda sasa hivi: "sorry to disturb you", kisha usumbufu wenyewe unafuata. Kama jambo limekwisha, umbo hubadilika: "sorry to have kept you waiting". Kelele, vumbi, mlango mbovu, hivyo vyote ni vya "sorry about".

Penye hatari ni "sorry for" ikifuatwa na mtu. "I feel sorry for you" si pole, ni "nakuonea huruma", na mfiwa akiisikia anaweza kuhisi anadharauliwa. Msibani sema "I'm sorry for your loss", naye atajibu "thank you", kama sisi tunavyojibu asante au nimeshapoa. Anayeombwa radhi ndiye hujibu "that's all right".

Likitangulia nomino, neno hugeuka kabisa: "a sorry excuse" si udhuru wa mtu anayejuta, ni kisingizio hafifu. Na likitamkwa peke yake kwa sauti ya kupanda, "sorry?", maana yake ni hebu rudia, sikusikia.

Kwa pole na kazi na pole na safari, usitafsiri. "Sorry for the work" itamfanya Mwingereza ajiulize kazi imeharibika wapi. Muulize tu safari ilikuwaje. Hata pole ya kujikwaa, inayoeleweka vizuri Nairobi na Dar es Salaam, ukiitoa London kwa "sorry" utaambiwa "it's not your fault", kwa sababu mwenzako amesikia samahani.

Utata huo umewahi kufika bungeni. Mwaka 1999, chini ya Waziri Mkuu John Howard, Bunge la Australia lilipitisha azimio la kueleza "deep and sincere regret" kwa dhuluma walizotendewa wenyeji asilia, na "sorry" ikakwepwa, maana ilionekana kubeba dhima. Ilitamkwa Februari 13, 2008, na Waziri Mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd. England na Wales nako, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe. Dereva aliyegonga gari la mtu anaweza kushuka na kusema "sorry", na mahakama ikaisoma kama pole tu.