Kiti cha Karibu na Mlango

Juzi usiku, tukiwa bado mezani, mwanangu aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake cha historia akaniuliza, "Baba, nchi inaweza kwenda vitani kwa sababu ya huruma?" Alikuwa amefika mwaka 1898, pale Marekani ilipoingia vitani na Hispania huku magazeti yake yakieleza kila siku jinsi raia wa Kuba walivyohamishwa kwa nguvu na kufa kwa njaa na maradhi. Nilimwambia amalize kula kwanza. Jibu sikuwa nalo. Kilichonijia ni kiti kimoja cha mbao kilichowekwa karibu na mlango wa darasa la chini ya ardhi mjini Boston, Februari 2003.

Mnaoyakumbuka majira yale mnajua hali ilivyokuwa. Vita vya Iraki vilikuwa vinabisha hodi, na kila mahali watu walibishana kama Marekani inakwenda kulinda maslahi yake au kuwakomboa wanyonge. Mwalimu wetu hakutaka tubishane juu ya Iraki. Aliturudisha kwenye kura ya Seneti ya tarehe 6 Februari 1899, kura ya kuidhinisha Mkataba wa Paris uliomaliza vita vile vya 1898, ambao kwa huo Hispania iliiachia Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20, akatugawia maseneta wa kuwasemea. Mimi nilipewa Henry Cabot Lodge, na kijana mmoja wa Vermont akapewa George Frisbie Hoar. Wawili hao waliwakilisha jimbo moja la Massachusetts na chama kimoja cha Republican, lakini katika jambo hili walikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Lodge alitaka bandari, nguvu za majini na njia ya kulifikia soko la China. Hoar alishikilia kwamba taifa lililozaliwa kwa kutangaza kuwa serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa haliwezi kuwatawala watu wasioridhia.

Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka Ufilipino. Mwalimu alimwachia achague mwenyewe, naye akamchagua Felipe Agoncillo, mjumbe wa Emilio Aguinaldo, yule aliyetangaza uhuru wa nchi yao tarehe 12 Juni 1898. Agoncillo alikwenda Paris, hakuruhusiwa kuingia kwenye mazungumzo. Akaenda Washington, hakupokewa rasmi. Basi yule dada alibeba kiti chake akakiweka karibu na mlango, nje ya duara letu, akaketi na koti lake la baridi mapajani, na kwa muda wote wa mjadala hakufungua kinywa.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilianza na hesabu ya maslahi, kama nilivyoamini Lodge angeianza: kwamba Manila ni lango la Asia, kwamba manowari za Wajerumani zilikuwa zimeonekana katika ghuba ileile mwaka 1898, na kwamba tukiondoka wengine wataingia. Nyuso zilibaki baridi. Hapo nikaiweka karatasi chini nikazungumzia shule. Niliwasimulia habari za babu yangu mzaa baba, aliyesomea shule ya Wajerumani mjini Tanga na ambaye hadi uzeeni alihesabu nazi zake kwa Kijerumani, kisha nikauliza ni nani atakayewafundisha watoto wa Ufilipino kusoma. Sikuwa ninaigiza tena. Niliamini kila neno. Sikutaja kwamba serikali iliyojenga shule ile ndiyo iliyochoma mashamba na maghala ya kusini wakati wa Maji Maji, hadi njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wale ambao bandari haikuwagusa waliguswa na watoto wenye vibao vya kuandikia, na nilipomaliza walinipigia makofi.

Makofi yalipokuwa yanaisha, yule dada alisimama. Alivaa koti lake taratibu, akafunga kifungo kimoja kimoja kuanzia chini, akajifunga skafu, akakirudisha kiti ukutani. Bomba la joto lilikuwa linagonga, nasi sote tulinyamaza tukimtazama. Alipofungua mlango, hewa ya barafu ya kwenye ngazi ilituingilia hadi miguuni. Mwalimu alisema kwa sauti ya chini kwamba Agoncillo naye aliondoka hivyo, akaenda Kanada, mapigano ya Wamarekani na Wafilipino yalipozuka Manila usiku wa tarehe 4 Februari, siku mbili kabla ya kura. Kisha tukapiga kura. Seneti ilipitisha mkataba kwa 57 dhidi ya 27, kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Sisi tulipitisha kwa wingi zaidi.

Yaliyofuata huko yanajulikana: zaidi ya miaka mitatu ya vita, Wamarekani zaidi ya 4,200 na wapiganaji wa Kifilipino zaidi ya 20,000 waliokufa, na raia wanaokadiriwa kufika 200,000 walioangamizwa na vita, njaa na maradhi.

Nilimkuta yule dada kwenye ngazi. Aliniambia kwamba mama wa bibi yake alifundishwa kusoma na mmoja wa walimu wapatao 500 waliofika Manila kwa meli ya Thomas mnamo Agosti 1901, na kwamba alianza darasa akiwa amevaa nguo za msiba wa kaka yake. "Ungezungumzia bandari peke yake," alisema, "ningekaa."

Nimelibeba neno hilo miaka yote hii bila kujua niliweke wapi. Siwezi kusema kwamba hesabu ya maslahi ndiyo yenye uovu, kwa sababu Septemba 2002 wasomi 33, wengi wao wa mkondo huohuo wa kupima maslahi, walilipia tangazo gazetini kuvipinga vita vya Iraki. Wala siwezi kusema kwamba wote waliosimama na Hoar waliwapenda Wafilipino. Wapo waliopinga kwa kuwa hawakutaka watu wasio weupe waingizwe nchini mwao. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba siku ile bandari ilishindwa kuwashawishi wenzangu, na huruma yangu ndiyo iliyoibeba hadi ikapita.

Mwanangu alipomaliza kula nilimsimulia habari za kile kiti. Alifikiri kidogo, akauliza kama yule dada alirudi kupiga kura. Nilimwambia hakuwa na kura.