Desemba 1999, nyumbani Kisumu

Baba alitoa akiba yake yote benki. Redio ilisema kompyuta nyingi zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, hivyo 2000 ingesomeka 00, kana kwamba ni 1900, na hesabu za pesa za watu benki zingevurugika. Akanunua ng'ombe wawili. Pesa zilizobaki tukaenda nazo soko la Kibuye: magunia manne ya mahindi, sukari, viberiti, madebe mawili ya mafuta taa. Chumba tulicholala watoto kilinuka mafuta hadi Pasaka.

Usiku wa kuingia 2000 mama aliwasha koroboi mapema, tukangoja. Saa sita ikapita, stima haikupotea hata kidogo.

Mahindi mengi yaliliwa na fukusi, iliniuma sana. Lakini ng'ombe mmoja alizaa, na maziwa yake yakanilipia karo ya kidato cha kwanza. Baba, bado nakushukuru.