Mzee wa Mumias

Leo ni tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, ugonjwa wa damu wa kurithi nilio nao, na redio ya jirani imelirudia hilo tangu alfajiri. Mimi nimemkumbuka yule mzee wa kwenye ndege ya London.

Kabla ya safari, daktari wa kliniki pale Jaramogi, hospitali ambayo watu wa rika la mama bado huiita Russia, alinijazia fomu ya ndege. Akanieleza kwamba hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. "Wewe umezoea Kisumu, mita 1,100 na kitu. Sasa utakesha Nyahururu, kule juu." Oksijeni ikipungua, chembe zangu nyekundu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi na kiu huzidisha. Mama akanipa soksi za sufu, haidroksiurea, dawa yangu ya selimundu, akaiweka kwenye mkoba wa mkononi, nikaondoka.

Maumivu yalianza juu ya Sahara, usiku wa manane. Yalianzia kwenye muundi wa kulia, yakapanda hadi kiunoni. Chupa yangu ya maji ilikuwa imebaki ukaguzini, maana maji yanayozidi mililita 100 hayapiti, na vikombe vya ndegeni ni vidogo. Nilibonyeza kengele, nikabonyeza tena. Mara ya tatu mhudumu akaniuliza kama siwezi kusubiri chai ya asubuhi.

Mzee aliyekaa kando yangu, mwenye kofia nyeupe na Kiswahili safi cha Mumias, akageuka.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Ni mguu tu, mzee."

Akawasha taa ya juu, akanitazama usoni kwa muda. "Macho yako yana umanjano. Mdogo wangu alikuwa na macho hayo."

Akatoa blanketi lake, akanifunika miguu, akalikunja chini ya nyayo kama anayemlaza mtoto. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kwa wahudumu, akarudi na chupa kubwa ya maji. Hakukaa mpaka nilipomeza dawa na kunywa nusu yake.

Ndipo akaanza kusimulia, kwa sauti ya chini. Mdogo wake alifariki kabla ya kuanza shule. Nyumbani wakasema amerogwa, na mwanamke jirani akashukiwa. Walimzomea hadi akafunga virago na watoto wake.

"Hakuwa na kosa," mzee akasema. "Na mimi nilikuwa kati ya waliomzomea. Habari ya damu hii nimeijua ukubwani, na sijamtafuta nimwambie."

Sikuwa na jibu. Maumivu yalipungua kidogo kidogo hadi kulipokucha. Tulipotua nililetewa kiti cha magurudumu, na kwenye foleni ya pasipoti tukapotezana.

Tangu safari ile humweleza jirani wa kiti hali yangu kabla ndege haijapaa. Wengine husogeza mikoba yao, kana kwamba selimundu huambukiza, na hapo humfikiria yule mwanamke aliyefukuzwa. Mzee alinitunza vizuri sana usiku ule, na dua namwombea. Lakini kama ningekuwa binti wa mwanamke yule, sijui kama ningeweza kulipokea lile blanketi.